Kijiti cha haibiskasi: chupa ya maji, ndoo ya mchanga, kiriba, au ufunge tawi? Nimejaribu zote hapa Mwanza

Kila mvua za vuli zikianza kunukia huku kwetu Nyegezi napata swali lile lile, majirani, mawifi, akina dada wa jumuiya, wote wanaitaka ile haibiskasi yangu nyekundu ya getini, nawakatia vijiti na roho yangu nyeupe kabisa, alafu baada ya wiki mbili mtu anarudi, "dada mbona kimeoza?" Nikiuliza ulikiweka wapi, mmoja anasema kwenye glasi ya maji dirishani, mwingine alichomeka tu pale nje karibu na bomba, mwingine alijaza ndoo samadi mbichi ya ng'ombe akiamini anakipendelea kijiti. Kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, mtu ulinganishe mwenyewe ujue ipi inakufaa kwa nafasi uliyonayo na maji uliyonayo, maana hizi njia hazilingani na wala hazifai kila ua.

Jibu langu naliweka hapa juu kabisa. Kama ni haibiskasi ya kawaida na una nafasi ya ndoo moja tu, chukua mchanga. Chupa ya maji ni kwa mtu ambaye hawezi kuvumilia bila kuona kinachoendelea, au anaekaa chumba kimoja hana hata kibaraza. Kiriba, kile kimfuko cha kuoteshea miche, chenye udongo ndani, ni kwa anaetaka uzio mzima, vijiti hamsini sitini. Kufunga tawi, yaani kuliotesha mizizi likiwa bado juu ya mti, ni kwa zile haibiskasi za rangi za ajabu, zile maua yake makubwa kama sahani, ambazo kijiti chake kinakusumbua mpaka ukate tamaa. Na bogenvilia usiiweke kwenye maji, hiyo ntaieleza peke yake chini.

Kijiti kwanza

Hapa ndo wengi tunapoharibu, na ukiharibu hapa hamna njia itakayokuokoa. Sisi kanda ya ziwa tumekua tunaona mama anakata marando ya viazi anachomeka kwenye tuta mvua ikinyesha, kesho kutwa yamesimama, na pingili za muhogo ndo usiseme, kwa hiyo tunadhani kila kitu ni hivyo hivyo. Haibiskasi ni mti. Ile ncha laini ya kijani inayopinda kama rando, hiyo itanyauka na kuoza. Kule chini kabisa kwenye tawi la kijivu gumu nako kunachelewa mno. Tunataka katikati, pale gome limeanza kuwa kahawia ila ukikwaruza kwa kucha ndani unakuta kijani chenye unyevu, unene wa penseli, urefu sentimita 12 mpaka 15, vifundo (pale majani yanapotokea) vitatu au vinne.

Kata asubuhi mapema, mti bado umeshiba maji ya usiku. Tumia wembe mpya au mkasi wa kupogolea uliofutwa na spiriti, usitumie kisu cha jikoni kilichotoka kukata nyanya. Chini kata mshazari, chini kidogo ya kifundo, juu kata bapa, na hii sio mapambo, inakusaidia ujue wapi ni chini na wapi ni juu kwa sababu kijiti kikipandwa kichwa chini hakitoi mizizi vizuri, na ukishavitoa majani vijiti vyote vinafanana. Ng'oa maua na vitumba vyote, vinakula nguvu. Majani acha mawili tu ya juu, na kama ni mapana yakate nusu. Jani linaendelea kutoa maji hewani mchana kutwa na huko chini hamna mzizi wa kuyarudisha, ndo maana kijiti chenye majani saba kinalala siku ile ile.

Na geuza majani uangalie mgongoni. Wadudu mafuta, na wale weupe kama vipande vya pamba kwenye makwapa ya majani, wanasafiri na kijiti. Mi niliwahi kuletewa tawi zuri sana kutoka mtaa mwingine nikalipokea kwa furaha, wale weupe wakahamia kwenye maua yangu yote ya kibarazani na ilinichukua miezi kuwamaliza kwa kitambaa na maji ya sabuni.

Chupa ya maji

Uzuri wake unajulikana, unaona. Watoto wanapenda, kila asubuhi wanakimbilia dirishani. Haihitaji udongo wala kiriba wala kibali cha mwenye nyumba. Haibiskasi nyekundu ya kawaida ikipata maji safi inaanza kuonyesha vinundu vyeupe kwenye gome kama wiki ya pili au ya tatu hivi, baadae mzizi unatoka.

Ila kuna mambo. Moja, chupa nyeupe ikikaa kwenye mwanga maji yanakuwa ya kijani, ule uji uji unajishika kwenye kijiti na kula hewa, kwa hiyo tafuta chupa ya kahawia au uizungushie gazeti. Maji yafike vifundo viwili vya chini tu, usikizamishe kijiti mpaka kifuani, na jani lolote lisiguse maji kwa sababu litaoza na kuozesha jirani yake. Pili, maji badilisha kila baada ya siku mbili, tatu. Kijiti kinahitaji hewa iliyomo kwenye maji na ikiisha kitako kinakuwa cheusi kinanuka, lakini pia kuna mbu. Mbu anataga hata kwenye kikombe, na kutoka yai mpaka mbu mwenye mabawa ni kama wiki moja au zaidi kidogo, ukimwaga kila siku ya tatu hamna atakaefika. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tunajua malaria, dengi nayo ipo nchini na mbu wake ndo hasa wanapenda vyombo vidogo vya majumbani, kwa hiyo hili usilichukulie kirahisi, chupa sita za maua zilizosahaulika nyuma ya mlango ni kiwanda cha mbu.

Maji ya bomba yana dawa, yalaze usiku kucha kwenye ndoo wazi ndo utumie. Mvua ikinyesha kinga. Ila usiende kuchota ziwani kwa sababu tu ni karibu, kwanza mwambao wetu una kichocho, kuingia na miguu kwenye yale maji ya pembeni yenye majani kwa ajili ya chupa ya ua haifai kabisa, pili yale maji yana mwani tayari, utakuwa umeanza na uchafu.

Sasa shida kubwa ya maji ambayo watu hawaambiwi. Mzizi ulioota kwenye maji ni mzizi wa maji. Ni mnene, mweupe, unakatika kama tambi iliyoiva, na umezoea kunywa bila kutafuta. Ukiuhamishia kwenye udongo mmea unashtuka, majani yanalala, mtu anadhani ni jua anaongeza maji, unaoza. Mi vijiti vyangu vya kwanza kabisa nliviacha kwenye chupa kama miezi miwili, mizizi imejaa imejizungusha mule ndani, nikawa naionyesha wageni, siku ya kupanda haikutoka kwenye mdomo wa chupa bila kukatika, na iliyobaki haikuweza. Viwili tu vilipona. Nilihuzunika sana maana vijiti vyake nlipewa na bibi mmoja wa Kitangiri, namwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ambaye hiyo haibiskasi alikuwa nayo tangu anaolewa.

Kwa hiyo ukichagua maji, hamisha mapema, mizizi ikiwa na sentimita 2 au 3 tu basi, usisubiri ipendeze. Weka kwenye udongo mwepesi uliolowana vizuri, wiki ya kwanza usiuache ukauke kabisa, kaa nao kivulini, alafu punguza maji taratibu kama unamwachisha mtoto ziwa. Na jambo lingine dogo, kama unaotesha oleanda kwenye maji na una watoto au kuku, acha, ile ni sumu mpaka maji iliyokaa.

Ndoo ya mchanga

Hii ndo nnayoipenda na ntaisema kwa urefu.

Kijiti kisicho na mizizi hakina haja ya chakula. Kinahitaji unyevu, hewa, giza kwenye kitako, na kisipigwe na upepo. Mchanga ukifunikwa unatoa vyote vinne. Mbolea pale haina wa kuila zaidi ya ukungu na bakteria, na kidonda cha kijiti kiko wazi, ndo maana wale wa samadi mbichi wanaozesha haraka kuliko wote.

Mchanga gani? Wa mtoni, ule wa kujengea, wenye chembe nene. Omba ndoo moja kwa fundi yoyote anaejenga jirani, hatakunyima. Wenzetu wa pwani mchanga wa baharini una chumvi, huku kwetu ziwa ni maji baridi kwa hiyo chumvi sio tatizo, lakini bado mi sichukui wa ufukweni, kwanza kuchimba pale kunakula mwambao na sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ziwani, pili mchanga wa mialoni wanapoanika dagaa umejaa magamba na mafuta ya samaki, unanuka na unaozesha, paka na sisimizi nao hawatakuacha. Chukua wa mtoni, uoshe mara tatu, koroga umwage mpaka maji yatoke safi kama ya kunywa, alafu mwagia maji ya moto yanayochemka uache upoe. Hii ya maji ya moto usiiruke, inaua vijidudu vinavyoangusha kijiti.

Kama unafika kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na Mwanza hazikosekani, omba pumba zile ngumu za nje, zichome taratibu mpaka ziwe nyeusi kama mkaa, uzimwagie maji kabla hazijawa jivu jeupe. Jivu ni kali, hulitaki. Changanya nusu mchanga nusu pumba nyeusi, mchanga unakuwa mwepesi, unashika unyevu bila kutuama. Tangu nianze hii sijarudi kwenye mchanga mtupu.

Chombo changu ni kile kindoo cha rangi cha lita 4. Pasha msumari moto utoboe matundu kitako, kumi yanatosha, jaza mchanga, mwagilia mpaka utoke chini, subiri uache kudondoka. Toboa shimo kwanza kwa kijiti kingine au kalamu ndo uingize cha kwako, usikisukume kwa nguvu mchanga utachubua gome. Vifundo viwili viingie chini. Kandamiza pembeni kwa vidole. Kindoo kimoja kinabeba vijiti vitano au sita.

Kisha kifunike, na hapa ndo siri ya mchanga ilipo. Zamani watu walitumia mifuko ya rambo, ila mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019 na kusema kweli chupa ni bora zaidi. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikate kitako, kifunike kijiti kama kengele, kizibo kikiwa kimefungwa. Ndani unaona jasho, basi kijiti kinapumua unyevu wake chenyewe. Weka mahali penye mwanga ambapo jua haliingii moja kwa moja, mimi ni chini ya mwembe upande wa nyuma ya nyumba, maana huku mlimani mchana upepo wa ziwani unapanda na ule upepo unakausha majani kuliko jua lenyewe. Chupa kwenye jua kali inageuka sufuria, kijiti kinachemka mule ndani, nimeshaona kwa jirani.

Maji sasa, unagusa mchanga kwa kidole mpaka kiungo cha kwanza, ukiwa na ubaridi acha, ukiwa mkavu mwagilia kidogo. Chini ya chupa inaweza ikakaa siku nne tano bila kuhitaji. Kwa sisi wa mgao hiyo ni raha kubwa, hausubiri bomba litoke. Wiki ya nne hivi mpaka ya sita jaribu kukivuta kidooogo, kikikataa kutoka kimeshika. Usikivute kila siku. Kama unaona jani la zamani limedondoka ila kijiti bado kijani, kiache, kipo kazini.

Kuzoesha kunachukua kama wiki. Unafungua kizibo siku tatu, alafu unaondoa chupa jioni unairudisha asubuhi, alafu unaiondoa moja kwa moja. Ukiondoa ghafla saa sita mchana utalia. Kutoa mmea tumia kijiko cha chakula, chota na mchanga wake, utakuta mizizi myembamba imejigawa gawa kama nywele, hii ndo inayojua kutafuta, ukiiweka kwenye kiriba hata haijui kama imehamishwa. Hapo ndo tofauti na chupa ya maji inapoonekana wazi, kwenye maji unafurahia kabla ya kuhama, kwenye mchanga unafurahia baada.

Kiriba, moja kwa moja

Hii ni ya haraka kuelezea. Unaruka hatua ya kuhamisha, kijiti kinaota pale pale kitakapokulia, muda wako unaokoka. Kushika kwake kuko chini ya mchanga, kwa hiyo unaweka vijiti viwili kila kiriba na unakata vingi. Kwa uzio wa haibiskasi nyekundu hii haina mpinzani, huwezi ukatunza ndoo kumi za mchanga na chupa sitini.

Udongo ndo kila kitu. Wasukuma wameupa udongo majina yake kwa sababu, luseni ile ya juu mlimani karibu na mawe, ya kichanga, maji yanapita, hiyo ndo yako. Mbuga, ule mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi na kunata masika, ni mzuri kwa mpunga, kwa kijiti ni kaburi, unashika maji mpaka kitako kinakosa hewa. Mi nachanganya luseni debe mbili, pumba nyeusi debe moja, na samadi iliyooza vizuri kabisa, ile haina harufu, naiweka chini ya kiriba tu, theluthi ya chini, ili kijiti chenyewe kikae kwenye luseni na mizizi ikishuka ndo ikute chakula. Juu jenga kichanja cha nyasi. Fanya masika au vuli, kiangazi utamwagilia asubuhi na jioni na bado vingi vitakauka.

Kufunga tawi

Kuna haibiskasi ambazo kijiti chake ni kigumu kushika. Zile nyekundu za maua ya tabaka moja zinakubali, lakini zile zilizochanganywa changanywa, za rangi tatu katika ua moja, nyingi hazina mizizi yenye nguvu, hata wauzaji wa miche wengi huzipandikiza juu ya shina la haibiskasi nyingine yenye nguvu. Ukikata vijiti kumi vya hizo kwenye maji unaweza ukakosa vyote. Mi ninayo moja ya njano yenye moyo mwekundu, nilijaribu maji, nikajaribu mchanga, vilikaa kijani miezi miwili alafu vikafa.

Basi unaacha kukata. Unachagua tawi lenye unene wa kidole, likiwa bado juu ya mama yake, unamenya gome duara lote upana wa sentimita 2 au 3, unakwangua ule utelezi wa kijani mpaka ubakie mti mweupe, usipokwangua gome linaunganika tena na kazi imepotea. Unazungushia makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa, waulize wauza nazi sokoni, mengi huwa wanatupa, ukikosa hata tope la luseni na samadi iliyooza linafaa. Juu unafunga nailoni nyeupe, ile inayofungia katoni za maji ya chupa, unakaza juu na chini kwa kamba. Ukiweza zungushia na kitambaa cheusi ili mizizi ikae gizani.

Chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kinafika pale kinakosa njia, kinalundikana, mizizi inatoka. Maji yanaendelea kupanda kupitia kwenye mti wa ndani kwa hiyo tawi halinyauki. Ukishaona mizizi imejaa kwenye nailoni, mwezi na nusu au miwili, unakata chini yake na una mche mkubwa tayari, wenye matawi, ambao unaweza kuchanua mapema kuliko kijiti chochote. Ubaya wake, unapata mche mmoja kwa tawi moja, unauumiza mti mama, na inahitaji mkono uliotulia. Huwezi kumfanyia kila jirani anaekuja kuomba. Na huwezi kwenda kumenya tawi la mtu getini kwake bila ruhusa, kijiti mtu anakupa akiwa anaongea na simu, tawi zima lazima mkae mkubaliane.

Bogenvilia ni habari nyingine

Wengi wanaziweka kapu moja kwa sababu zote zinapendeza ukutani, na huku Mwanza bogenvilia inapenda kweli, yale mawe na jua ndo nyumbani kwake ingawa asili yake ni Amerika ya Kusini. Lakini kijiti chake kinataka tawi lililokomaa zaidi kuliko la haibiskasi, la kahawia, sentimita 15 mpaka 20, majani yote toa, miiba toa. Kwenye maji mara nyingi inaoza kabla haijatoa kitu. Iweke kwenye mchanga na pumba nyeusi, unyevu kidogo kuliko wa haibiskasi, na uvumilie wiki nane hata kumi.

Sasa sikiliza hili maana linawaumiza watu wengi. Bogenvilia inatoa majani kabla ya mizizi. Wiki ya tatu unaona vichipukizi vyekundu vizuri, unampigia dada yako simu imeshika, unaihamisha, inakufa kesho kutwa. Yale majani yalikuwa yanakula akiba iliyomo kwenye kijiti, chini hamna kitu. Dada yangu wa Buhongwa alipoteza vijiti vyote vya zambarau hivyo hivyo, mara mbili. Usiihamishe kwa sababu ya majani. Subiri mpaka uone mizizi kwenye matundu ya kitako cha chombo, au panda tangu mwanzo kwenye kiriba chake kidogo ili usiihamishe kabisa, kwa sababu mizizi ya bogenvilia ni dhaifu mno, ukiutikisa ule udongo imekatika. Ukija kuipanda ardhini chana kiriba, usimimine. Kwa hiyo kiriba, ambacho kwa haibiskasi ni cha tatu kwangu, kwa bogenvilia kinasogea mpaka nafasi ya kwanza.

Na franjipani, ule mti wa maua meupe yenye njano katikati, wenye maziwa ukikata, huo kijiti chake kikubwa, sentimita 30, unakiacha kivulini wiki moja mpaka mbili kikauke kidonda ndo unakipanda kwenye mchanga mkavu mkavu. Ukiuweka kwenye maji siku uliyokata umeutupa.

Asali, mshubiri, unga wa homoni

Unga wa homoni ya mizizi upo, unaulizia maduka ya pembejeo mjini, na unasaidia kweli hasa kwa bogenvilia. Chovya kitako kilicholowa kidogo, kung'uta uliozidi, ukiweka mwingi unaunguza. Usichovye kwenye kopo lenyewe, mimina kidogo pembeni. Asali na mshubiri watu wengi wanasifia, mi nimetumia vyote, asali haina homoni ya kuotesha mizizi, inachofanya ni kuzuia vijidudu kwenye kidonda, basi ikikusaidia ni hapo. Kwa haibiskasi nyekundu hauhitaji kitu chochote, weka hela yako.

Sasa uchague

Unakaa chumba kimoja Mabatini au Igogo, kibaraza cha pamoja, vitu vinachezewa na watoto wa wapangaji, chukua chupa ya kahawia, vijiti vitatu, ila weka alama kwenye kalenda siku ya kubadilisha maji na uwe na kiriba tayari kabla mizizi haijaja. Una ua na mti wa kivuli na umeomba vijiti sita saba kwa mtu unayemheshimu na hutaki kurudi tena kuomba, mchanga na chupa juu, usibahatishe. Unasafiri sana, kila wiki Sengerema au Ukerewe, mchanga pia, maji yatakuozea ukiwa huko na kiriba kitakauka. Umenunua kiwanja Kisesa unataka uzio wa maua badala ya ukuta kwa sasa, viriba mia, masika, na uwe na mtu wa kumwagilia. Una mti mmoja tu wa rangi usioipata pengine na ukifa umekosa, funga tawi, tena funga mawili, huku mama akiwa mzima.

Kama bado unasita kati ya maji na mchanga, na najua wengi mtasita hapo, kata vijiti sita kutoka tawi moja siku moja, vitatu huku vitatu kule. Mi nlifanya hivyo vuli iliyopita na vijiti vipya vya mayu, sikusubiri anipe lawama, nilienda mwenyewe nikamwambia vile vya kwanza vingi vilikufa. "Shikamoo mayu." "Marahaba mwanangu, vimekufa eeh? Kata tena, mti si upo." Vya kwenye maji vilitangulia kuonyesha mizizi, vya mchanga vilichelewa kama siku kumi. Nlipovihamisha vyote kwenye kiriba, kwenye maji kimoja kikafa na viwili vikakaa mwezi mzima bila jani jipya, vya mchanga vyote vitatu vikaendelea kama hamna kilichotokea, na kimoja ndo hicho kilichochanua getini mwezi uliopita, nikamkatia ua la kwanza nikampelekea Kitangiri.